Ngozi ya Mbuzi wa Mzee Matonya

Kaka Gideoni, shikamoo.

Natumaini masomo ya hapo Chimwaga yanakwenda vizuri na kile kifua kimekuachia. Huku nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakumbuka ladha ya ugali wa uwele. Sungura wako amezaa, na watoto wote wapo hai. Ningekupigia simu, lakini simu ni ya baba, na ninachotaka kukueleza siwezi kukisema akiwa amekaa pembeni.

Yule mbuzi mweusi wa Mzee Matonya amekufa. Alikufa Jumamosi iliyopita, baba na mama wakiwa msibani Buigiri. Unajua tulivyopatana na mzee alipotuachia wanyama wake: maziwa ni yetu, uzao ni wake, na mnyama akifa tumpelekee ngozi aione kwa macho yake. Safari hii hatukupeleka kitu. Nilimwambia baba kwamba mbuzi alikuwa na dalili za kimeta, na kwamba kitabu cha mifugo nilichoazima shuleni kinakataza kuchuna mzoga wa namna hiyo, kwa hiyo nilimfukia mzimamzima kule korongoni. Baba alifurahi, kaka. Alisema kumbe kusoma kuna faida.

Mzee Matonya alipokuja hakukalia hata kigoda alichopewa. Aliuliza tangu lini mbuzi akazikwa kama Mkristo, na ni nani aliyeongoza nyimbo. Watu kisimani wanacheka mpaka leo. Sidonia wa jirani kila akiniona anauliza kama tumeshaweka msalaba. Baba alitaka kumlipa mzee kwa mbuzi wako, yule mwenye baka. Mzee akakataa. Alisema mbuzi anao, anachotaka ni kujua kama wanyama wake aliwaacha kwa mtu mwaminifu au kwa mla nyama. Sasa wazee wa kanisa wamemwita baba kesho baada ya ibada, aseme mbele yao. Baba hana wasiwasi. Anasema atasimama na neno langu.

Kaka, haikuwa kimeta. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kivulini nasoma hadithi, wala si kitabu cha mifugo. Mbuzi wakaingia kwenye mtama mchanga ulionyauka kwa jua, ule ambao baba ametuonya tangu utotoni kwamba una sumu. Nilipoinua macho, yule mweusi alikuwa chini anatapatapa. Nilijua kabisa kilichomuua, na nilijua kwamba akichunwa na kupasuliwa, mtama utaonekana tumboni. Ukurasa wa kimeta niliutafuta baadaye, nikiwa nimeshaosha jembe.

Baba hasomi vizuri, ndiyo maana aliniamini upesi. Hilo linaniuma kuliko mbuzi mwenyewe, na sijui nitamtazamaje.

Nisalimie Denis mnayelala naye chumba kimoja. Mungu akutunze, na usinichukie.

Mdogo wako,
Anyesi

Nimeifungua tena barua hii kabla haijaondoka. Nimemwambia baba ukweli. Akaniambia nivae viatu, twende wote kwa Mzee Matonya sasa hivi. Hodi nitapiga mimi.