Sentimita Nne

Kaka,

Huku tu wazima, na goti la Mama limetulia.

Ulisema lugha ya kuprogramu ile hifadhidata ya vipimo vya wateja haiwezi kuniingia kichwani, mimi mshona vifungo. Nimejifunza miezi minne. Ulipokwenda kununua vitambaa, niliifungua programu yako hapo dukani nikaisoma mstari kwa mstari. Kumbe uliiamuru ipunguze sentimita nne kwenye kila kipimo nilichoingiza mimi. Nguo zikawabana wateja, Mama akaniita mzembe, duka akakupa wewe.

Kwenye amri hiyo nilifuta jina langu, nikaweka lako. Zipu ya gauni ulilomshonea Mama wiki iliyopita imegoma kufunga.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Bahasha sijaifunga.

Mdogo wako,
Mzembe