Maji Aliyoomba Naomi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Magoti yako yanaendeleaje tangu mhamie kijiji kipya? Mtama wa shamba la pamoja umeota? Huku ng'ambo ni baridi, lakini tu hai. Mjukuu wako Naomi alipasuliwa moyo siku nane zilizopita, na leo anapumua vizuri.

Mama, nusura nimuue mwenyewe. Unakumbuka siku mwanao alipotutoka. Aliomba maji, nikamwambia ngoja nikateke yaliyopoa. Nikarudi na kata mkononi, amekwisha kwenda. Basi Naomi alipozinduka akaniambia, "Mama, maji," nao wauguzi wanampa kwa kijiko na kila kijiko wanakiandika, nilishindwa. Nilimpa kikombe kwa siri. Mara tatu.

Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba, anahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Madaktari wakatazama vipimo vyao, havilingani na maji yaliyoandikwa. Sista Aika, binti wa Kichaga anayesomea uuguzi hapa na kunitafsiria, akanivuta pembeni.

"Mama Naomi, umempa nini mtoto?"

"Maji tu."

"Maji tu! Nyie watu wa Singida, mkiona bomba mnadhani ni sikukuu!"

Nikalia, nikasema yote, kikombe kwa kikombe. Akaniketisha. Alisema mwili ukipasuliwa hushtuka, hudhani ukame umeingia. Hutia kitu katika damu, wanakiita homoni, cha kuziamuru figo zishike maji zisiyaachie. Ukiongeza mengine, yanajaa mwilini hadi mapafuni.

Hakuna aliyenifokea. Daktari mkuu alisema heri nimesema, maana wangehangaika kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Wakampa dawa ya kukojoza. Nikakaa kuitazama chupa ya mkojo kama tunavyotazama mawingu ya Novemba. Adhuhuri ikajaa! Sista Aika akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka. Sikujua kama ipo siku nitamshukuru Mungu kwa mkojo.

Mshukuruni mwenyekiti wa kijiji aliyetuombea safari hii, na mchungaji. Msalimie shemeji Msengi, na wifi anayetulindia kuku. Naomi anakuamkia, anasema umwekee karanga.

Kesho ameruhusiwa kunywa kikombe kizima, mchana, mbele ya watu. Nilidhani watanikataza hata kukigusa. Daktari amesema nimpe mimi.

Mkweo akupendaye,
Mama Naomi