Madame Kwenye Usukani

Jumatatu, 1 Julai

Nina Madame! Ameanza kazi leo asubuhi, na hadai mshahara.

Ni ile simu ya zamani ya Jérémie, yenye kioo kilichopasuka. Ameifunga katikati ya usukani wa baiskeli yangu kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akaivika mfuko wa nailoni kwa ajili ya ukungu. Ndani ameweka application ya baiskeli. Nilimwambia wachumba wengine huleta kitenge. Akasema kitenge hakiwezi kunihesabia kilomita. Hapo kanishinda.

Basi nimetoka shambani kwa Mama Mukagasana na jibini zangu nyuma, kama kila siku, kuzipeleka Masisi-centre. Na pale mbele ya macho yangu—mwendo, umbali, urefu wa mlima, yote! Na sauti juu yake. Sauti ya mwanamke, Kifaransa cha redio kabisa. Nikisimama, anasema "Pause." Nikiondoka, "Reprise." Kila baada ya kilomita anatangaza mwendo wangu mbele za watu, bila haya.

Kwenye mteremko wa Lushebere nimefika arobaini na moja kwa saa!! Nilipiga kelele. Jibini hazikulalamika.

Kabla ya bariyeri nilimfungua Madame nikamtia kifuani. Vijana wa bunduki hawapendi simu inayojua njia. Akasemea humo humo kifuani: "Pause." Kijana akaniangalia. Nikakohoa sana.

Mama yangu anauliza ni mzungu gani huyo ninayezunguka naye, na kama amekula.

Jumatano, 3 Julai

Mdomo wangu huu utaniponza.

Nilikwenda kusalimia kwa kina Jérémie. Familia zetu zinakutana kwa mahari Jumapili ya tarehe 14, kwa hiyo siku hizi nina adabu mpaka kwenye kucha. Nilishuka kwenye baiskeli mbali na nyumba, nikasukuma mpaka uani. Mkwe hawasalimii wakwe akiwa juu ya kiti, hata mtoto mdogo anajua.

Baba yake, Papa Zéphyrin, alikuwa amekaa na koti lake la kijivu. Hilo koti halivui hata jua likiwaka. Akaitazama baiskeli, akamtazama Madame. Halafu, kwa upole kabisa:

"Mutoto yangu, iko kinga muzuri. Lakini dot ikipita, itabakia kwa baba yako. Hapa kwetu bibi ya muntu hapandake kinga."

Mahari ikishalipwa, mke hapandi tena baiskeli! Nikaona giza. Jérémie akaangalia viatu vyake. Ahsante, Jérémie.

Kisha mzee akaingia kwenye hadithi yake. Alivyomtoa mke wake, Mama Françoise, kwao Walikale, enzi za ujana, akamleta kwa baiskeli, bibi arusi nyuma, sanduku la nguo mapajani mwake. Matope, msitu, madaraja ya miti. Na mwisho kabisa, mpando wa Toa-Koti—unaitwa hivyo kwa sababu hata padri huvua koti akiupanda—ameupanda wote bila kuweka mguu chini! Hadithi hii inasimuliwa kwenye kila arusi ya ukoo wao. Mimi nimeisikia mara nne na kila mara sanduku linazidi kuwa zito. Mama Françoise alikuwa anachambua maharage. Aliyachekea maharage, hakusema neno.

Mimi nikasema: "Papa, hata miye naweza kuupanda."

Mikono ya Mama Françoise ikasimama. Hata maharage yalinyamaza.

Papa Zéphyrin akauliza nani atashuhudia. Jérémie ananipenda, ushahidi wake bure. Majirani ukiwapa pombe ya kasiksi wataapa hata kwamba uliruka angani. Akanyoosha kidole kwa simu. "Huyu Madame njo atakata maneno. Yeye hana ndugu hapa."

Tumepatana hivi. Jumamosi tarehe 13, kutoka daraja la chini mpaka msalaba wa juu. Madame asiposema "Pause" hata mara moja, nitaolewa na baiskeli yangu. Akisema, baiskeli inabaki kwa baba. Papa Zéphyrin alinishika mkono mbele ya wote.

Nilirudi nikijitukana njia nzima.

Ijumaa, 5 Julai

Jaribio la kwanza. Pause. Pause. Pause. Pause. Pumzi zangu zilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kwenye kona kubwa nilianguka ubavuni, taratibu, kama gunia. Madame: "Pause." Nimemwambia asante, nimeona.

Jambo moja la kuchekesha. Nilipokata tamaa nikashuka kusukuma, akasema "Reprise," akaendelea kuhesabu kana kwamba napiga pedali. Hajui habari za miguu! Anajua tu kama tunakwenda au hatuendi.

Hapana, Emérita. Wizi huo tuachane nao. Ninataka kuupanda kweli.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya Misa kila mtu anajua. Wanawake wananibana mkono: tuko na wewe. Wanaume wananiuliza hewa ya tairi kama wanajua kitu. Shangazi Rosalie, dada mkubwa wa Papa Zéphyrin, alinitazama mapaja hadharani, mbele ya kanisa, akaguna. Sijui lilikuwa guno la namna gani.

Jérémie ana wasiwasi. Anasema baba yake hajawahi kushindwa kitu hapa kijijini, hata karata. Nikamuuliza, na wewe upande wako ni upi? Akasema upande wa baiskeli. Nikamsamehe viatu vya Jumatano.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Kabla ya baiskeli hii nilibeba jibini mgongoni, kamba kwenye paji la uso, macho yanatazama vidole vya miguu. Njia ile ile miaka mingi na sikuijua. Siku ya kwanza juu ya kiti niliinua kichwa, nikaona kumbe kuna maporomoko ya maji kule upande wa kushoto! Nampenda Jérémie. Nampenda sana huyu mjinga. Lakini sitaki kurudi kutazama vidole vyangu.

Jumanne, 9 Julai

NIMEPANDA!

Bila jibini, gia ndogo, ulimi nje. Kutoka daraja mpaka msalaba na Madame kimya, kimya, kimya, isipokuwa kutaja kilomita: saba kwa saa. Bata angenipita. Basi anipite! Mashahidi ni mbuzi watatu. Nililia pale msalabani, kisha nikarudi kwenye mzigo niliouacha darajani, nikala jibini ya watu kidogo. Mama Mukagasana atanisamehe, au hatajua.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepanda tena, mara mbili. Jérémie alinisubiri juu na chupa ya maji. Anasema Papa Zéphyrin amesikia. Alipopewa habari hakukasirika, alitabasamu tu, akaenda kwa dada yake Rosalie na kukaa huko mchana kutwa.

Kwa nini anatabasamu?

Jumamosi, 13 Julai

Ninaandika hapa hapa juu, chini ya msalaba. Jérémie alikuwa amenishikia mfuko, na daftari liko ndani. Lazima niandike sasa maana mambo hayajaisha na nikichelewa nitasahau mpangilio.

Nilianza vizuri. Daraja, "Reprise," miguu myepesi, mapafu mazuri. Sehemu ya mawe nimepita. Nikafika kona kubwa.

Konani pameketi Shangazi Rosalie. Kwenye kigoda! Kitenge cha Jumapili, kilemba, pochi mapajani, katikati ya njia kama bariyeri.

"Mukamwana wetu! Bonjour! Habari ya kwenu?"

Nikaelewa tabasamu la Alhamisi. Mzee mjanja! Nikimpita nikiwa juu ya kiti, kesho kwenye mahari watasema msichana hana heshima, amemsalimia shangazi wa mume kwa kengele. Nikishuka nikasimama, Madame atasema neno lake moja. Na nyuma ya Shangazi, nikitupa macho juu, njia nzima—baba mdogo na fimbo yake, wake wawili wa binamu, mama wa ubatizo wa Jérémie na mwavuli. Ukoo mzima umepandwa kama mihogo.

Nilikasirika hasa! Halafu hasira ikageuka kuwa kitu kingine, nikataka kucheka.

Niliruka chini mbio mbio bila kuacha baiskeli itulie. Mkono mmoja usukanini. Mkono wa pili nikamshika Shangazi mkono wake, nikainamisha kichwa kwa heshima zote, huku natembea.

"Bonjour Shangazi, kwetu tuko bien, na weye? Shangazi, naomba unisindikize kidogo."

Ni nani anaweza kumkatalia mgeni asimsindikize? Nani? Shangazi akaikumbatia pochi yake. Akainuka. Akaokota kigoda chake akaja. "Eh, sawa vile, mupaka pale tu," akasema.

Mpaka pale tu! Tulisalimiana watoto, ng'ombe, meno yake, shamba lake. Madame kimya. Tukamfikia baba mdogo: heshima, mkono, "Baba, nisindikizeni." Fimbo ikafuata. Tukawafikia wake wa binamu. Wao walishika porte-bagage, kile kibebeo cha nyuma, bila kuombwa. Mama wa ubatizo akanifungulia mwavuli. Mtu wa nyuma akaanza wimbo wa kusindikiza bibi arusi, na tulipanda Toa-Koti hivyo, ukoo mzima wa mume wangu, kigoda kichwani, vumbi mpaka magotini. Madame akatangaza kilomita tatu na nusu kwa saa, wakampigia vigelegele!

Hakusema "Pause." Hata mara moja.

Msalabani alisimama Papa Zéphyrin, na koti lake, na Mama Françoise pembeni.

"Umetembea kwa miguu!"

Nilikuwa sina pumzi. Nikasema, Papa, nilishuka kwa ajili ya adabu. Na ulisema Madame njo atakata maneno.

Akasema Madame ni mpumbavu. Akasema hiyo si kupanda, hiyo ni msafara. Watu wakaanza kubishana, Shangazi Rosalie upande wangu—wangu!—anasema mutoto amesalimia bantu bote, hakuruka hata mumoja. Papa Zéphyrin akainua mkono.

"Miye sikushuka! Na bibi nyuma, na sanduku! Nilipanda yote, sikushuka hata kidogo!"

Na Mama Françoise, ambaye katika haya yote sijamsikia akisema neno moja, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi:

"Ni kweli, weye haukushuka. Miye njo nilishuka."

Tukamgeukia wote.

"Pale ku kona. Kinga ilikuwa inarudia nyuma. Nikashuka, nikaweka sanduku ku kichwa, nikasukuma mupaka hapa. Karibu ya nyumba ya mama yako njo nilipanda tena, ili bantu basikucheke."

Shangazi akauliza polepole, kama anaogopa jibu, kwa nini miaka yote hii amenyamaza.

"Alikuwa anaihadisia muzuri," akasema Mama Françoise. "Nani angeharibu? Lakini kwa kinga ya huyu mutoto, apana. Kwa ile sitanyamaza."

Nilitaka ardhi ipasuke. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeshinda na sikuwa na furaha hata kidogo, kwa sababu niliuona uso wa mzee. Hadithi ile ingesimuliwa kwenye arusi yangu pia. Nilikuwa nimejiandaa kucheka kwenye sehemu ya sanduku.

Hakupiga kelele. Alimtazama mke wake muda mrefu, kama mtu aliyepewa chenji na kukuta ni nyingi kuliko alizotoa. Kisha akavua koti. Akampa Shangazi. Ndani ana shati la mistari, mikono myembamba kabisa, sijawahi kuiona. Akaja akashika usukani wa baiskeli yangu.

"Françoise. Twende ku daraja."

Nikamuuliza, Papa, na maneno yetu ya baiskeli? Kesho watauliza.

"Ngoja kwanza," akasema.

Wakaenda. Madame akasema "Reprise." Mama Françoise alipopita karibu yangu aliniminya bega. Alikuwa amevua sandali, amezishika mkononi. Sikuweza kusoma uso wake.

Tumekaa tunasubiri. Hakuna anayetaka kwenda nyumbani. Wake wa binamu wamepata mahindi ya kuchoma sijui wapi. Baba mdogo anasema mzee ataanguka, umri ule! Shangazi amelikunja koti mapajani, analipapasa vumbi ambalo halipo. Jérémie anauliza ninaandika nini. Nimefunika na mkono. Nimemuuliza, baba yako akishindwa kupanda, kesho atakuwa na hasira? Amesema hajui, kwa sababu hajawahi kumwona amevua koti.

Ngoja. Wanaonekana kule chini. Wamepita sehemu ya mawe.

Mmoja yuko kwenye porte-bagage au kwenye kiti, mwingine anasukuma. Jua liko machoni, hakuna anayeona ni nani ni nani. Baba mdogo anasema wa juu ni Papa, lazima ni Papa. Shangazi anamwambia afunge mdomo asikilize.

Tunasikiliza. Kuna mtu anacheka kule konani. Ni Mama Françoise. Anacheka kwa sauti kubwa, moja kwa moja, bila kukatika, na hahemi hata kidogo; anayehema ni yule anayesukuma—