Mama na Nyayo Zisizosikia

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kazini hoi. Mama yuko kwenye cherehani, miguu peku, anakanyaga pedeli huku akiimba. Nilipoinama kuokota kifungo nikaona damu sakafuni. Kipande cha sindano kimezama kwenye unyayo wake — na yeye hana habari! Nikakichomoa. Hakushtuka hata kidogo. Akasema nina mkono mwepesi.
Nilienda jikoni nikalia.

Jumanne, 4 Machi
Zahanati. Muuguzi kasafisha, kafunga bendeji. Kasema sukari imeua hisia za miguu, na kidonda kidogo kikiachwa kinaweza kuondoka na mguu mzima. Kila siku tukague nyayo, tukaushe katikati ya vidole. Viatu hata ndani ya nyumba, vikung'utwe kwanza. Mama kaitikia yote. Njiani ananiambia binti yule ni mdogo mno kumfundisha yeye kuvaa viatu.

Alhamisi, 6 Machi
Tumegombana. Eti akivaa viatu haisikii pedeli. Nikamjibu, "Mama, hata peku huisikii."
Akavivaa. Hajaniongelesha tangu hapo. Nisingesema vile.

Jumapili, 9 Machi
Nimechoka. Kaka kapiga simu, kanipa pole, kanisihi nimwangalie Mama. Nimwangalie! Nani anapiga magoti kila jioni na tochi, anapekua kidole kimoja kimoja? Mama ananitania kwamba nimegeuka fundi viatu. Angalau anaongea. Na kidonda kinakauka.

Jumatano, 12 Machi
Zahanati tena. Nilikuwa na matumaini. Muuguzi kasema kidonda kinafunga vizuri, sasa apime hisia. Kamwambia Mama afumbe macho, kachukua uzi mgumu wa nailoni, akawa anaugusisha kwenye unyayo.
"Nimesikia," Mama akasema. Tena. Na tena. Nikashusha pumzi — nikawaza, kumbe hisia zimeanza kurudi.
Muuguzi akauweka uzi mezani. Akakaa, mikono mapajani.
"Nimesikia," Mama akasema.
Muuguzi akaniangalia. Nikanyoosha mkono, nikamshika Mama vidole vya mguu, nikavibana. Bado kafumba macho, anatabasamu kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha.
"Nimefaulu?"