Alama ya Kiatu, Msimu wa Tano

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga cherehani saa kumi na mbili na nusu. Mteja wa gauni la Komunyo nimemwambia arudi kesho. Kanuna. Anune. Alhamisi saa moja jioni mie si fundi wa mtu.

Tamthilia yangu, Alama ya Kiatu, sehemu ya tatu. Mbovu. Misimu ile ya mwanzo Inspekta Tausi alikuwaga na sketi moja ya kijivu na viatu vimeisha kisigino, ukimtazama unaamini huyu mtu halali, anatafuta muuaji. Sasa hivi anakwenda kukagua maiti kavaa kama mama wa bibi harusi. Gauni limembana mpaka magotini. Utamkimbiza mwizi gani na gauni lile? Hela wamepata, akili imewatoka.

Nimemtumia Upendo voisi, nimewasema weee. Binti yangu, muuguzi, yuko Songea mwaka wa pili sasa. Toka yuko sekondari tulikuwa tunaiangalia wote, hapa hapa Tabata, kochi hili hili. Kajibu kwa maandishi: Kweli mama, wameharibu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Nyumbani. Chai. Hakuna aliyepiga hodi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimewakubali. Haki ya Mungu nimewakubali.

Koplo Mashaka, msaidizi wa Inspekta, kakaa jikoni na mama wa mtuhumiwa. Mama anachambua mchele. Hakuna muziki, hakuna kelele. Koplo anauliza kitu kimoja tu: jana ulipika wa watu wangapi? Mama mkono ukasimama kwenye ungo. Basi, umeshajua kijana kafichwa ndani. Hivyo ndivyo walivyokuwaga zamani. Kitu kidogo cha nyumbani, unakiona kabisa na bado kinakupiga chenga. Yule anayecheza Koplo ndiye anayeibeba tamthilia yote sasa, wengine wapo wapo tu.

Halafu dakika za mwisho wakaleta pacha wa marehemu kutoka Dubai. Pacha! Wakiishiwa wanaleta pacha.

Nimemwambia Upendo yote haya. Kajibu: Hapo nakuunga mkono mama. Na kikatuni cha kucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wateja hawatoki. Mama Salma, jirani, kapita kunikaribisha kwenye kikundi chao cha akina mama. Nimesema nina kazi nyingi. Sina. Kule watauliza mtoto hajambo, anakuja lini, kaolewa? Nitawajibu nini? Tukiongea na Upendo tunaongea Inspekta Tausi. Tukimaliza Inspekta Tausi, ni haya mama, usiku mwema.

Alhamisi, 20 Machi

Umeme umekatika saa moja kasoro. Nimekaa gizani na rimoti mkononi kama zuzu. Umerudi saa nne. Sijaona kitu.

Nimefanya upuuzi. Nilishika simu nimwambie sijaangalia, nikaona nikisema hivyo maongezi yameisha mpaka Alhamisi ijayo. Wiki nzima! Basi nikatunga. Nikamwambia Koplo Mashaka kapigwa risasi kule Kawe, kafa mikononi mwa Inspekta, nimelia. Nikajua atacheka. Atasema, mama wewe, ulisinzia? Mbona Koplo mzima? Na mie nitamwambia ukweli, tutacheka wote.

Ijumaa, 21 Machi

Kajibu asubuhi. Mama, hata mie nimelia. Koplo jamani.

Nimeisoma. Nikairudia. Labda kweli kafa, nikajiambia. Labda nimebahatisha.

Jumapili, 23 Machi

Marudio ya Alhamisi, saa nane mchana. Koplo Mashaka hajafa. Koplo Mashaka anakula chipsi mayai, anamtania mhudumu, tena kanenepa.

Nimezima tivii.

Jumanne, 25 Machi

Nimemkatia mteja bega la gauni vibaya. Kitenge chake kizuri, kaletewa zawadi na shemeji yake. Nitamlipa. Kichwa hakipo.

Nawaza tu. Msimu wa nne je? Ule msimu niliolalamika Inspekta kuhongwa, akasema inauma mama, alikuwa ameuona? Nimefungua simu nimesoma majibu yake yote. Kweli mama. Wameharibu. Nakuunga mkono. Hakuna hata mahali pamoja alipotaja jina la mtu nisiyemtaja mie kwanza. Hakuna hata mahali kanibishia. Upendo! Mtoto aliyekuwa anabishana mpaka na padri!

Inspekta Tausi wa msimu wa kwanza angeliona hili siku ya kwanza. Mie nimekaa nalo sijui toka lini.

Alhamisi, 27 Machi

Leo umeme upo. Nimeangalia, sikumbuki nini. Pacha alikuwepo, na muziki mwingi.

Nikamtegea. Nikatuma: Inspekta kafunga ndoa leo, Bagamoyo, harusi kubwa. Kajibu haraka sana: Hatimaye! Kachelewa na yeye.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu. Halafu nikalia. Nina hasira naye. Naona aibu pia, mzazi mzima namtega mwanangu kama jambazi. Lakini hasira ndiyo kubwa. Bora angesema mama sina muda. Kumbe naongea na ukuta, na ukuta unaniitikia.

Jumamosi, 29 Machi

Nimempigia. Sikumzungusha. Nikamwambia Koplo mzima, Inspekta hajaolewa, wewe huiangalii.

Nikasikia anavuta pumzi. Akasema kweli, haiangalii. Tangu aende Songea hajaiona hata mara moja, chumbani kwake hana tivii, na akitoka zamu anaanguka kitandani. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema, mama, mie ile tamthilia sikuipendaga hata nilipokuwa nyumbani. Nilikuwa nakaa pale kwa sababu wewe umekaa.

Akasema voisi zangu anazisikiliza zote. Akiwa anapika, akiwa anafua. Akiulizwa na wenzake ni nani huyo anafoka, anasema mama yangu huyo.

Nikakata simu.

Jumatatu, 31 Machi

Hajapiga. Sijapiga. Nimeshona sare za shule, nyingi, siangalii saa.

Ile sentensi hainitoki. Nilikuwa nakaa pale kwa sababu wewe umekaa. Mara inaniuma, mara naiona ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuambiwa. Sijui nishike lipi.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ilikuwa sehemu ya mwisho ya msimu. Sikuwasha.

Saa moja na robo Upendo kapiga. Kuandika hakuandika, kapiga. Shikamoo mama. Marahaba. Hapakuwa na Inspekta wala Koplo wala pacha, tulikuwa wawili tu na laini inakwaruza. Nikaogopa atasema haya mama, usiku mwema.

Nikamwambia ambalo sikuwa nimemwambia. Mwezi wa pili nilianguka bafuni. Goti likavimba, sikuweza kuinuka. Nilikaa pale sakafuni nikiita, nikangoja mtu apite, hakupita mtu. Mwisho nikajivuta mwenyewe. Nikamwambia na lile kubwa zaidi, kwamba siku ile ilikuwa Alhamisi, na jioni yake nilimtumia voisi nikilalamikia viatu vya Inspekta.

Weee! Alinigombeza. Mama una akili kweli? Ulipiga picha hospitali? Hukupiga? Umeweka nini pale bafuni, bado ni vigae vile vile? Nikajaribu kujitetea, hanipi nafasi. Kesho niende nikapigwe picha ya goti, nimtumie majibu, na Mama Salma apewe funguo ya akiba, hakuna mjadala. Nikabisha kuhusu funguo. Akanibishia. Nikabisha tena, akapandisha sauti.

Muda mrefu sijagombezwa na mtu humu ndani. Nilikuwa nafuta machozi kwa ncha ya kanga huku namjibu kwa ukali, ili asijue nimefurahi.