Mishale Yako Yenye Sketi

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na mlango wa karakana yako ya viatu bado haufunguki mpaka uinuliwe kidogo. Hakuna aliyeutengeneza. Ulisema utautengeneza mwenyewe, nasi tulizijua ahadi zako za nyumbani. Viatu vya wateja vilikuwa tayari siku uliyosema. Vyetu vilisubiri mpaka vidole vichungulie nje.

Kila Jumamosi meza yako iliacha viatu ikawa ya mishale ya Baba ya kuwindia ndege. Ulichagua ufito kama mtu anayechagua mkwe: ulifumba jicho moja, ukauzungusha, ukaukunja kidogo kwenye ukingo wa meza kuona kama utaelewana na upinde wa Baba. "Huu laini mno, utayumba," ulisema, ukautupa kwenye kuni. Nyingi ziliishia huko. Uliopona uliunyoosha juu ya mkaa, ukaufungia manyoya ya bawa la upande mmoja, kamwe si mchanganyiko, kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Kichwani hukuweka chuma. Uliweka kipande butu cha raba ya kisigino, ili kwale aanguke kwa kishindo bila nyama kuchanika. Kwa hiyo wapo watu mtaani ambao visigino vyao viliwahi kuruka angani, na hawajui.

Manyoya yako yalikuwa mapana kupita kiasi. Kila mwindaji anajua kwamba mshale wa ndege huwekewa manyoya makubwa ili usiende mbali ukapotea, lakini yako yalizidi. Jirani yetu kinyozi, mwenzake Baba wa kuwinda, hakukupa nafasi ya kupumua.

"Shemeji, huu mshale umeuvalisha sketi?"

"Wewe nyoa vichwa. Sketi niachie mimi."

Maneno ya mapenzi hukuwa nayo. Baba alipokusifia mbele za watu, ulikohoa na kuuliza nani amechukua mkasi. Tulizoea.

Baada ya mazishi Baba aliendelea kuwinda na mishale uliyoiacha, ikapungua mmoja mmoja, mingine ikivunjika, mingine ikinasa mitini. "Ikiisha hii, nami basi," alisema, kama anayezungumzia dawa ya meno. Hatukupenda alivyosema. Kuwinda ndiko kulikokuwa kunamtoa kitandani.

Ndipo binti yako mkubwa, fundi umeme, alipokaa kwenye meza yako. Alifuata kila kitu: ufito, mkaa, bawa moja. Manyoya tu ndiyo aliyoyapunguza, ili mishale ipendeze.

Tulikwenda wote shambani kuijaribu. Baba alimlenga njiwa aliyekuwa akiruka, akamkosa. Mshale ulikwenda vizuri, ukaendelea kwenda, ukavuka nyasi zote mpaka ng'ambo ya bonde. Baba aliutazama. Akapiga hatua chache kuufuata, goti likamgomea, akakaa chini kwenye nyasi.

"Kumbe," Baba alisema. "Kumbe alikuwa ananipimia mimi."

Hakuwahi kukubali kwamba lile goti linamsumbua. Alisema ni kiatu. Nawe ulikubali kwamba ni kiatu, ukakitengeneza tena na tena, kiatu kisicho na kasoro yoyote.

Tuliumia siku ile, Mama. Acha tuseme wazi, maana hukupenda tuzungukezunguke. Tuliumia kuliko siku ya mazishi.

Dada alirudi mezani. Manyoya sasa ni mapana kama yako, pengine zaidi. Kinyozi naye ameomba yake yawe hivyo hivyo, anasingizia macho. Jumamosi iliyopita Baba aliangusha kwale mmoja na kuwakosa wengine wote. Mishale aliiokota mwenyewe, asitake msaada wa mtu.

Wanaokukumbuka ni binti yako fundi umeme, sisi wadogo zake, dada yako uliyekuwa ukimshonea viatu bure na kumlalamikia, wajukuu wanaogombania kigoda chako, shemeji yako kinyozi, na mume wako. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Baba bado anasema ni kiatu.