Salamu Aliyoisubiri Mama

Knjaževac,
Serbia.
3 Novemba, 2019.

Mpendwa kaka Radosav,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi Karin na binti yenu Neda. Mnaendeleaje huko Uswidi? Kifua chako kimeachia? Sisi ni wazima, ila nyumba imepwaya tangu tulipomzika Mama. Kwenye simu naishia kulia tu, ndiyo maana naandika.

Plamu zilizaa sana. Mume wangu Živko amepika pombe yake, na majirani wamekumbuka ghafla kwamba wanatupenda.

Kuna jambo linaniuma, kaka. Neda alipokuja kiangazi alikuwa amejifunza salamu zetu. Njiani kila mtu alipata “dobar dan” yake, hata mbuzi wa jirani. Kwa Mama tu ndiko alikonyamaza. Mama alikuwa dirishani, kitambaa kipya kichwani, kamwandalia jamu ya waridi na glasi ya maji kama mgeni wa heshima. Mtoto akanishukuru mimi niliyebeba sinia, akala kimya. Ikawa hivyo wiki nzima.

Mama akanifuata jikoni. “We Desanka, mtoto gani huyu anaingia bila salamu? Nimemkosea nini?”

“Si umsalimie wewe, Mama.”

“Mimi nimekaa, yeye ndiye kaingia. Anayeingia ndiye anayesalimu. Au na hilo mmelifuta?”

Ukaidi wake unaujua.

Siku ya kuondoka Neda alilia kituoni. Maneno yalimwishia, akaandika kwenye simu yake ikanitafsiria: “Shangazi, Bibi hanipendi. Nilimsubiri anipe mkono, hakunipa.”

Ndipo nikaelewa. Ulimfundisha kwamba mdogo hatangulizi mkono, husubiri wa mkubwa, naye akadhani hata salamu husubiri mkono huo. Ni kweli. Lakini nusu nyingine ulisahau: mkono huanza mkubwa, salamu huanza anayefika. Nilipomweleza Mama, akasema, “Basi akija tena nitaanza mimi, mila zinisamehe.” Nasikitika sana kwamba hakuiwahi siku hiyo.

Živko anawasalimu, na shangazi Kosara anamwombea wifi afya. Mungu awafikishe salama kwenye arobaini mwisho wa mwezi. Njoo na Neda, kaka. Jamu ya waridi bado ipo, nimemwekea. Na mwambie asiogope: makaburini pia anayefika ndiye huanza, na Mama anamsubiri.

Dada yako akupendaye,
Desanka